Nyoka weusi wadogo kama nyungunyungu wanaotoka bafuni masika haya: tuwajue kabla ya kuwamwagia maji ya moto

#1 Mama Miche (mwanzisha uzi)

Wakuu, poleni na mvua.

Nafungua uzi huu kwa jambo lililotokea nyumba ya pili kutoka kwangu wiki iliyopita, na mpaka sasa linaniuma. Mvua ilinyesha usiku kucha. Alfajiri jirani yangu akaingia bafuni, akakuta vitu vitatu vyeusi vinajipindapinda sakafuni, vyembamba kama kamba ya kiatu, havizidi shubiri moja. Akapiga yowe. Tulipofika alishavimwagia birika zima la maji ya moto na mafuta ya taa juu yake. Saa nne asubuhi akatokea mtu wa kumwambia kwamba ametumiwa. Kufika jioni mganga ameshaondoka na laki mbili na nusu, kuku mweusi na doti ya kanga ambayo haijavaliwa. Jirani yangu yuko Mbagala kwa dada yake mpaka leo ninapoandika, kwa sababu ameambiwa "mama yao" bado yumo ndani ya nyumba.

Mimi kazi yangu ni kitalu cha miche, mwaka wa 14 sasa. Miembe, milimao, michungwa, mikorosho kidogo na maua. Viriba vyangu kwa kawaida havipungui elfu nne. Hao nyoka nawaona karibu kila wiki, kwa hiyo naomba mnisikilize.

Chukua kiriba kilichokaa kivulini miezi mingi bila kusogezwa. Kilaze, gonga kitako chake, uuvute udongo utoke mzima na mizizi. Ukiuvunja kwa taratibu, mara nyingine utamwona: uzi mweusi unaong'aa kama umechovywa mafuta ya nazi, unakimbilia kwenye giza. Harakati zake ndizo zinazomtambulisha. Nyungunyungu hujivuta, hunenepa hapa na kusinyaa pale, na mwili wake una pete pete na utelezi. Huyu hapana. Anapita kwa mikunjo ya nyoka hasa, tena kwa kasi, na ukimgusa ni mkavu. Ukimtazama kwa makini utaona ulimi mdogo mno unaingia na kutoka, mweupe kama nyuzi mbili za pamba. Macho ni nukta mbili zilizozama chini ya magamba, yanajua mwanga na giza tu. Mdomo umejificha chini ya pua kiasi kwamba ukimwangalia kwa juu huuoni.

Huyu ni mmoja wa wale wanaoitwa nyoka vipofu, na jina lake la kitaalamu ni Indotyphlops braminus. Asili yake ni Asia ya Kusini, na mwaka 1803 Mfaransa François Marie Daudin ndiye aliyempa jina la kisayansi, akimwelezea kutokana na nyoka wa India. Leo yuko kila bara isipokuwa Antaktika, na kilichomsambaza ni biashara kama hii yangu, yaani udongo wa vyungu vya maua na miche unaosafirishwa kwa meli. Pwani yetu yupo tangu zamani.

Sasa hapa ndipo ninapotaka mnielewe vizuri. Nyoka hawa wote ni majike. Dume hakuna. Jike mmoja anataga mayai ambayo hayakuguswa na dume, na watoto wanaotoka ni majike wanaofanana naye kabisa. Wanasayansi walipopima chembe zake walikuta ana seti tatu za kromosomu mahali ambapo sisi na nyoka wengi tuna mbili. Ndiyo maana kiriba kimoja chenye nyoka mmoja kinatosha kuanzisha ukoo mzima kwenye kisiwa.

Kwa hiyo jirani yangu ameikimbia nyumba yake kwa kumwogopa mama ambaye hayupo. Wale watatu wa bafuni ndio waliokuwa mama wenyewe. Hakuna mkubwa aliyebaki nyuma yao. Udongo ulijaa maji, vijia vyao vikafurika, wakapanda juu kutafuta pumzi, wakatokea kwenye tundu la maji machafu.

Hana sumu. Hana meno ya mbele ya kung'ata mtu. Chakula chake ni mayai na mabuu ya sisimizi, na mchwa. Mchwa ndio wanaonimalizia miche ya miembe, kwa hiyo siwezi kumwita adui.

Maswali ruksa, nitajibu nikitoka kumwagilia.

#2 Kijana wa Tabata

Mkuu nakuheshimu, ila nyoka ni nyoka. Nina mtoto wa miaka miwili, anaokota kila anachokiona na kukitia mdomoni. Mimi nikimkuta mdogo mweusi nitajuaje kwamba si mtoto wa koboko au swila? Nikianza kumkagua macho, si ameshaniuma? Maji ya moto yanamaliza mjadala.

#3 Mama Miche

Mkuu hofu yako ina msingi, na kama una mtoto mdogo una haki ya kuwa mkali. Ila angalia ukubwa. Mtoto wa koboko anapotoka kwenye yai tayari ana sentimita 40 au zaidi, na ana jicho la duara unaloliona ukiwa umesimama. Huyu wa kwetu akiwa mzee kabisa hafiki sentimita 20, na unene wake ni kama njiti ya kiberiti au mrija wa peni. Kichwa hakijatengana na shingo, mkia haujachongoka. Ncha zote mbili butu.

Halafu maji ya moto hayamalizi mjadala. Unaua watatu waliokuja juu, na chini ya msingi wako wamebaki wengine ambao hutawaona maisha yako yote. Wewe umekaa nao miaka. Mtoto wako amezaliwa juu yao.

Chukua kizoleo na ufagio, wasukume, wapeleke kwenye udongo wenye kivuli mbali na mlango. Dakika moja.

#4 Mpemba wa Wete

Asalaam alaykum jamiani.

Huyu kwetu tukimwita ndumakuwili. Marehemu bibi yangu akitwambia tusimshike kwa sababu ana vichwa viwili, kimoja cha kwenda na kimoja cha kurudi, na ukimzuia mbele anakuuma kwa nyuma. Sisi watoto tukimtafuta chini ya makumbi ya nazi yaliyooza, tukimchokoa kwa kijiti, na wallahi tulikuwa tukimwona anachoma kwa mkia. Nimekua mtu mzima nimemwita ndumakuwili kila mtu mnafiki niliyekutana naye, sikupata kujiuliza jina hilo limetoka kwa nani. Sasa Mama Miche, ule mkia unachoma kweli au tulikuwa tukijitia hofu?

#5 Mama Miche

Waalaykum salaam kaka yangu wa Wete. Uliona sawasawa. Mwishoni mwa mkia ana kimwiba kidogo kama ncha ya sindano iliyovunjika. Mimi nimewashika wengi, na karibu kila mmoja hukisukuma kwenye kidole. Unahisi kitu kama ncha ya peni bila wino. Hakitoboi ngozi, wala hakina sumu. Anakitumia kama nanga: anakichomeka kwenye udongo ili mwili usukume mbele. Ukimshika anatafuta pa kuchomeka, anakuta kidole chako.

Jina hilo linaniuma hata mimi. Tumemchukua mnyama asiyeweza kumng'ata hata mtoto mchanga, tukamfanya tusi la watu wenye ndimi mbili. Nikisikia bungeni au kwenye kikao cha mtaa mtu anaitwa ndumilakuwili, namkumbuka yule wa kwenye kiriba anayetafuta tu pa kujificha.

#6 Njia ya Siafu

Nasoma zuolojia mwaka wa tatu, na hawa ndio wanyama ninaowapenda kuliko wote, kwa hiyo mniwie radhi nikirefusha.

Mama Miche amemweleza mgeni. Mimi nataka tuwakumbuke wenyeji, kwa sababu nchi hii na pwani hii ina hazina ya nyoka vipofu ambayo watu hawaijui. Duniani wako zaidi ya spishi 400 za kundi hili, katika jumla ya nyoka wote takriban 4,000. Ni kama nyoka mmoja katika kila kumi, na wengi wetu tunakufa bila kumwona hata mmoja kwa kujua.

Zanzibar imo kwenye historia yao tangu mwanzo. Mwaka 1869 Mmarekani Edward Cope alimwelezea Letheobia pallida kutoka Zanzibar. Mwaka 1874 Albert Günther wa jumba la makumbusho la London akamwelezea mwingine wa huko huko, akampa jina lumbriciformis, maana yake "mwenye umbo la nyungunyungu". Hawa wa Letheobia hawafanani na yule mweusi wa bafuni. Ni wa rangi ya waridi, wembamba na warefu, ngozi kama karatasi iliyolowa mafuta, na macho huyaoni kabisa.

Kaka wa Wete, Pemba yenu inao wake. Leptotyphlops pembae aliandikwa mwaka 1941 na Arthur Loveridge, Mwingereza aliyefanya kazi Nairobi na Tanganyika kabla ya kuhamia Harvard. Mwaka uliofuata Loveridge huyo huyo akamwandika Afrotyphlops rondoensis, aliyepewa jina la uwanda wa Rondo kule Lindi. Kuna mwenye jina la Uluguru, kuna mwenye jina la Usambara. Mwaka 2000 Donald Broadley na Van Wallach walimwandika mmoja wa milima ya Udzungwa, nigrocandidus, kwa maana ya mweusi na mweupe. Mwaka 2007 wao hao wakampa mmoja jina la swahilica. Nyoka mwenye jina letu sisi Waswahili, na sijawahi kulisikia likitajwa redioni! Na Kenya mwaka 2016 Patrick Malonza na wenzake walimwandika Letheobia mbeerensis, kwa jina la Mbeere.

Angalieni miaka hiyo. 2000, 2007, 2016. Hatuzungumzii mambo ya wakoloni tu, bado wanafukuliwa. Mtu anayelima muhogo leo anaweza kumkata kwa jembe mnyama ambaye hajapata jina.

Na kuna familia mbili kuu hapa kwetu ambazo kwa macho utazichanganya, lakini midomo yao imejengwa kinyume kabisa. Wale wembamba zaidi, wa kina Leptotyphlops, wana meno kwenye taya la chini tu. Wale wa kina Afrotyphlops, Letheobia na huyu wa viriba wana meno kwenye taya la juu tu. Nyoka mwingine unayemjua, chatu kwa mfano, anameza kwa kutembeza mdomo juu ya windo lake polepole. Ukiwa ndani ya kiota cha sisimizi huna nafasi ya kumeza polepole, utaliwa wewe. Kwa hiyo hawa wanatumia taya kama reki: nusu mbili za taya zinachezacheza ndani na nje kwa haraka sana, zinakwangua mabuu na kuyaingiza kooni. Nathan Kley na Elizabeth Brainerd ndio waliolionyesha hilo mwaka 1999 kwa nyoka mwembamba wa Texas. Kabla ya hapo hakukuwa na mnyama mwingine mwenye uti wa mgongo aliyejulikana kula namna hiyo.

Nikipata muda nitarudi na habari ya bundi.

#7 Kijana wa Tabata

Mkuu hiyo ya reki imenifanya nisome mara mbili. Ila huyo wa viriba anakula mchwa mzima mzima na kichwa chake kigumu?

#8 Njia ya Siafu

Swali zuri sana. Wajapani wawili, Takafumi Mizuno na Yosuke Kojima, walimchunguza huyu huyu wa viriba na mwaka 2015 wakatoa majibu. Mara nyingi anamkamata mchwa kwa upande wa nyuma, anameza mpaka kifua, kisha anamsugua kwenye sakafu mpaka kichwa kinakatika kinabaki nje. Kichwa cha mchwa hakisagiki tumboni kwake, hivyo anakiacha. Fikiria nyoka asiyeona, mwenye unene wa njiti, anamkata mchwa kichwa ndani ya giza.

#9 Mtaita wa Wundanyi

Hamjambo nyote. Nimefuata huu uzi kutoka Kenya na nataka kuongeza mmoja ambaye watu wa huku humchanganya na hao.

Kwetu milimani Taita, ukilima karibu na mgomba penye unyevu, unapata kitu cheusi kinene kuliko nyungunyungu, chenye pete mwili mzima, ngozi inateleza. Wengi hukikata wakidhani ni nyoka. Si nyoka. Ni jamaa wa chura, asiye na miguu, Boulengerula taitana, na hapatikani mahali pengine duniani ila Taita. Mimi niliacha kuwakata baada ya kujua namna mama anavyolea. Ngozi yake ya nje inanenepa na kujaa mafuta, halafu watoto wanaibambua kwa vijino na kuila. Anawalisha mwili wake mwenyewe, na ngozi inaota tena. Watafiti walilitangaza jambo hilo mwaka 2006. Mamangu alipoulizwa akasema alikuwa akiwaona wamejikunja pamoja na watoto tangu utotoni, ila hakuna aliyewahi kumuuliza.

#10 Njia ya Siafu

Ahsante sana Mtaita. Na ukishuka Kusini kwetu, Liwale huko, kuna mwingine tena asiye nyoka: mjusi asiye na miguu, mwili umepangwa pete kama nyungunyungu, kichwa kigumu cha kuchimbia, na anaweza kurudi kinyumenyume ndani ya tundu lake sawa na anavyokwenda mbele. Wagiriki wa kale nao walikuwa na hadithi ya nyoka wa vichwa viwili, na kundi zima la mijusi hao limepewa jina la nyoka huyo wa hadithi. Kaka wa Wete, kumbe bibi yako na Wagiriki walikuwa wanasema jambo moja.

Yule wa Liwale anaitwa Loveridgea ionidesii. Amebeba majina mawili: la Loveridge niliyemtaja, na la C. J. P. Ionides, bwana nyama wa Liwale ambaye wazee wa kule wanamkumbuka kwa kukamata nyoka.

#11 Muuguzi Kusini

Naomba niingilie, na naomba msinichukulie kama ninayekuja kuharibu uzi mzuri.

Mama Miche, hapo #5 umeandika umewashika wengi kwa vidole. Wewe una miaka 14, unawajua. Msomaji hana. Kuna nyoka mwingine mweusi, naye anakaa ardhini, naye ana macho madogo sana, naye ana kimwiba mkiani, naye hutoka usiku baada ya mvua. Kitaalamu ni Atractaspis. Huyo ana sumu kali.

Nimempokea kijana aliyemuokota mmoja kwa kudhani ni "wale wa kwenye udongo". Alimshika nyuma ya kichwa, vidole viwili, kama alivyoona watu wakishika nyoka. Huyu hashikiki hivyo. Meno yake ya sumu ni marefu kupita kiasi kwa kichwa kile, na yanatoka kwa ubavuni mwa mdomo hata ukiwa umefungwa. Anageuza kichwa kidogo tu, jino limeingia. Kijana alikuja mkono umevimba hadi kwenye kiwiko, analia kwa maumivu, na kidole cha shahada kimeanza kuwa cheusi. Kidole hakikupona. Na dawa ya kuzuia sumu ya nyoka tunayoitumia haimfanyii kazi nyoka huyu. Tunachofanya ni kutuliza maumivu, kuangalia uvimbe na kutunza kidonda.

Tofauti zipo. Yeye akikua anakuwa mnene kama kidole na urefu unapita sentimita 30, mara nyingine anakaribia 60. Akikerwa hukunja shingo kama upinde na kuelekeza pua chini. Tumboni ana magamba mapana yaliyopangwa kama ngazi, wakati nyoka kipofu tumbo na mgongo ni magamba yale yale madogo. Lakini mtoto wake ni mdogo, na usiku kwa tochi ya simu huwezi kuyaona hayo. Tafadhali, asiguswe nyoka yeyote kwa mkono. Akimuuma mtu: hospitali moja kwa moja, mkono utulie, pete na bangili zivuliwe. Msichanje, msinyonye, msifunge kamba.

#12 Mama Miche

Muuguzi, nimekusoma nikakaa kimya dakika kadhaa. Umesema kweli na nimekosea kuandika vile bila kutoa tahadhari. Kwa kila atakayesoma: mimi kushika ni mazoea yangu mabaya. Leo asubuhi nimewanunulia vijana wangu wa kitaluni glavu nene, na nimewaambia kuanzia sasa kila nyoka anasukumwa kwa kizoleo, awe mdogo vipi. Pole sana kwa yule kijana.

#13 Fundi wa Maji

Kwa upande wa bafu: nyumba nyingi ninazoingia, tundu la sakafuni halina ile kona ya bomba inayobakiza maji, limeshushwa moja kwa moja kwenye shimo. Hapo wataingia nyoka, mende, kila kitu. Weka bomba lenye kona ya maji, weka chujio la matundu madogo juu, ziba nyufa pale sakafu inapokutana na ukuta kwa saruji. Hiyo kazi haifiki hata nusu ya pesa aliyochukua mganga.

#14 Mama wa Watatu

Jamani mimi nilikuwa nasoma tu. Naomba kuuliza, maana mama mkwe wangu ameshikilia hili: nasikia wanaingia masikioni mwa watoto waliolala chini. Ni kweli? Na je, tunaolala na watoto kwenye mkeka tufanyeje?

#15 Njia ya Siafu

Shikamoo mama. Hapana, hana haja na sikio. Anafuata harufu ya sisimizi, na anakimbia ukavu na mwanga. Sikio halina chakula wala udongo. Uvumi wa aina hiyo upo hata India alikotoka. Kwa wanaolala chini, chandarua kilichopenyezwa pembeni chini ya mkeka au godoro kinatosha, na kinasaidia kwa nyoka wa kweli wa hatari na kwa mbu pia.

Sasa ile ya bundi niliyoahidi. Texas kuna bundi mdogo ambaye huwinda wadudu na nyoka na kuwapeleka kiotani wakiwa wameshakufa. Ila nyoka kipofu anampeleka mzima, anamtia kiotani kwa vifaranga. Baadhi yao huliwa. Lakini wengi huponyoka, hujizika kwenye takataka za chini ya kiota, na humo hula mabuu ya wadudu yanayonyemelea chakula cha vifaranga. Frederick Gehlbach na Robert Baldridge walifuatilia viota hivyo na kuandika mwaka 1987: vifaranga walioishi na nyoka hao walikua haraka zaidi na walikufa wachache kuliko wasiokuwa nao.

Mama, kwetu bundi akilia juu ya bati tunasema kuna msiba, na nyoka akiingia ndani tunasema tumetumiwa. Hebu wafikirie wawili hao wamekaa kiota kimoja, mmoja anamfagilia mwenzake nyumba.

#16 Mpemba wa Wete

Subhanallah. Huyo wa Pemba, Leptotyphlops pembae, akoje? Nitamjuaje nikimwona?

#17 Njia ya Siafu

Kaka, kwa macho tu hutamtenga na ndugu zake wa karibu. Inahitaji hadubini na kuhesabu magamba. Ila kundi lake ni wale wembamba zaidi, kama uzi wa kushonea viatu, weusi au kahawia iliyokolea. Ndugu zao wa Karibi ndio walio na rekodi ya udogo: yule wa Barbados aliyeandikwa mwaka 2008 na Blair Hedges ana sentimita 10 akiwa mtu mzima, na anataga yai moja tu kwa mara. Miaka karibu 20 hakuonekana, watu wakadhani ametoweka, mpaka Machi 2025 alipopatikana chini ya jiwe. Upande wa pili wa ukoo, kusini mwa Afrika kuna Afrotyphlops schlegelii anayefika sentimita 95, mkubwa kuliko nyoka vipofu wote. Ndugu yake mkubwa, mucruso, tunaye hapa Tanzania.

Ukimwona wako, mpige picha kwenye karatasi nyeupe pembeni ya rula, andika mahali na tarehe, mrudishe chini ya kumbi lile lile. Msitu wa Ngezi na mashamba ya mikarafuu yenye majani yaliyooza ndiyo ningeanzia mimi.

#18 Mkulima Mdogo

Mama Miche, kama wa viriba ni mgeni kutoka Asia, wewe unayeuza miche mpaka Morogoro na Tanga si unamsambaza kwa wenyeji? Naomba jibu la kweli.

#19 Mama Miche

Ndiyo. Nimemsambaza miaka yote hii, bila kujua miaka ya mwanzo, na kwa kutojali miaka iliyofuata. Swali lako nimekuwa nikijiuliza tangu Njia ya Siafu alipoandika kuhusu Usambara na Uluguru, kwa sababu wateja wangu wa Lushoto wananunua maua kwa mamia.

Nilichoamua ni hiki. Miche ya kwenda milimani nitaiotesha kwenye maganda ya nazi yaliyosagwa na mchanga uliokaangwa kwenye pipa, si kwenye udongo wa bondeni. Na ule udongo mweusi wa msituni niliokuwa naletewa kwa gari nimeukataa kuanzia wiki hii. Nilikuwa nauona ni mboji ya bure. Sasa nikiutazama naona kuna mtu ameichota nyumba ya mwenyewe kwa chepe. Bei ya mche itapanda kidogo, na wateja nitawaeleza kwa nini.

Hao waliokwisha kukaa hapa bondeni sitawaua.

#20 Kijana wa Tabata

Taarifa kutoka Tabata. Jana usiku saa tano baada ya ile mvua, mmoja katokea karibu na mlango wa choo. Mke wangu alishashika birika. Nikamwambia subiri. Nikaleta kizoleo, tukamulika. Ulimi nimeuona, kweli ni kama nyuzi za pamba. Nimempeleka chini ya mpapai. Mtoto alikuwa amelala.

#21 Mama Miche

Ubarikiwe mkuu, na mkeo pia.

Jirani yangu wa Mbagala nimempigia simu leo. Nimemsomea uzi huu kuanzia juu mpaka kwa Muuguzi. Alikuwa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza kama fundi wa maji anaweza kwenda kwake Jumamosi. Fundi, nimekutumia ujumbe faragha, tafadhali angalia.

Na jingine. Jioni hii nilikuwa nahamisha miembe iliyokomaa. Kiriba kimoja kilikuwa kimepasuka ubavu, na pale kwenye mpasuko, katikati ya mizizi, nikaona mayai manne. Meupe, marefu kama punje za wali, ganda laini, yamegusana. Jike hakuwepo, au alikuwa ndani zaidi. Nimekirudisha kiriba kama kilivyokuwa, nimekifunga mkanda wa kitambaa chekundu na kukiweka chini ya mkungu, ambako jua halifiki. Kuna mteja aliuchagua mwembe huo huo tangu Jumatatu na kulipa nusu. Nimemrudishia hela yake, nikamwonyesha mwingine.